Koti la Robota la Tatu

Kabale, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.
Ukungu umelala bondeni kama mtu aliyekataa kuamka,
nami nakata kamba za robota
kwa kisu cha kumenyea viazi.

Kipupwe cha mwaka huu kimekuja na kisasi.
Jana Kenyangi wa ndizi aliwasha sigiri mara tatu,
mara tatu makaa yakamnunia.
Tunahesabu chenji kwa vidole vilivyokufa,
na mteja akiuliza bei
tunamjibu kwa mvuke.

Ndipo likatoka: koti,
zito kama mtoto aliyesinzia mgongoni,
buluu ya usiku, kola ya manyoya,
vifungo vitano, cha nne kimeshonwa kwa uzi mwekundu.
Nani alikishona?
Mtu asiye na uzi wa buluu,
au mtu aliyeharakishwa na baridi.

Mfukoni: tiketi ya basi, herufi zimefifia,
karatasi ya peremende,
na glavu moja. Ya kushoto.

Mwanangu Tumwine, aliyekesha na vitabu vya jiografia,
aliwahi kuniambia iko miji huko kaskazini
ambako jua huchomoza saa nne likiwa limekwisha choka,
huchungulia, huona watu, hurudi kulala.
Miezi mitano hivyo.
Mto hugeuka barabara, watu wakavuka kwa viatu.
Nilimcheka. Nikamwuliza,
na kuku wao hutaga wapi?

Leo sicheki.
Nimetia mkono katika mkono wa mwenye koti,
kiwiko kimelika, kimebaki wavu.
Huyu aliegemea dirisha.
Huyu alingoja,
kipupwe baada ya kipupwe alingoja,
akinyonya peremende moja moja
kama mtu anayehesabu siku kwa ulimi.

Sisi baridi tunaifukuza kwa uji wa mtama,
kwa umbea,
kwa mgongo wa mwenzio chini ya blanketi.
Yeye sijui.
Sijui kama palikuwa na mgongo.
Najua alitunza kifungo kilichong'oka,
akatafuta sindano,
na mtu anayeshona kifungo
bado ana nia ya kutoka nje kesho.

Saa mbili akaja Turyahebwa,
askari wa usiku pale kituo cha mafuta,
macho mekundu, midomo imepasuka.
Nikasema hamsini. Akasema ishirini.
Akalivaa huku tukibishana,
akanyamaza katikati ya neno,
na bega lake likashuka taratibu
kama mzigo unaotuliwa.
Nikachukua ishirini na tano.
Tiketi nikairudisha mfukoni, sikumwambia.

Glavu nimebaki nayo.
Haina mwenzake, haina mnunuzi.
Uji ukichemka natia mkono wa kushoto
naepua sufuria.
Siku ya kwanza ilitoa harufu ya sufi iliyoungua,
ikakunjamana kidogo kwenye kidole gumba.
Theluji iliijua. Moto, bado.
Itazoea.