Kidole cha Shahada

Mara ya kwanza walikuja saa nne usiku,
kwa sababu mdudu wa matende, walisema,
hutoka kutembea damuni watu wakilala.
Wakanichoma kidole cha shahada.
Miaka ikapita, wakaja wengine:
taa ya betri, kidole kilekile,
"Bibi, una chandarua? Choo kiko wapi?"
Choo hakijahama.
Wa tatu nao vivyo hivyo.

Nikauliza, majibu yangu yako wapi?
Ya kwanza: gunia la korosho, stoo ya Newala,
mchwa wamesoma nusu.
Ya pili: kompyuta ya bwana aliyehamia Dodoma,
neno la siri akaondoka nalo.
Ya tatu yalimpa mtu shahada.
Shahada yake, kidole changu.

Mimi mbegu za njugumawe hutundika juu ya moshi,
kila kamba na fundo lake.
Biti Nampunju akija gizani, nimelala,
anajua kamba ipi.
Mwaka panya waliponimaliza
mbegu nilizifuata kwake.

Leo kaja Tekla. Mchana, hana sindano.
Kafukua, kapangusa, kaunganisha.
Ananisomea mimi mwenyewe: namba 0417,
Kitangari, mjane, watoto watano.
Anaomba ruhusa wengine wasome,
hata wa Liwale, hata wasionijua,
jina likifichwa.

Nimekubali, mwanangu.
Ila kabla hujafunga, sahihisha hapo:
mguu wa kushoto.
Miaka kumi na tisa, kwenye karatasi,
naumwa mguu ulio mzima.