Soksi Moja

Machi, Nagoya. Chizuru ameketi
ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni.
Ufa wa muundi, mwembamba kama unywele,
daktari aliuonyesha kwa ncha ya kalamu.

Kocha Hamaguchi anawapigia waandaaji,
anainama, anaomba radhi, anainama tena,
kana kwamba simu ina macho.

Miezi minne ya kuamka saa kumi alfajiri,
theluji ikilia chini ya viatu,
na sentensi moja imetosha.

Bastola inalia. Chini, ghorofa tisa,
wanamwagika barabarani kama mchele.
Ameibonyeza saa yake pamoja nao.
Kilomita ya kwanza: tatu na ishirini na nane.

“Wanajikokota,” anamwambia dirisha.

Kisha polepole,
anaivua ile soksi.