Safu ya Kulia

Karatasi ya mtaala tuliibandika kwa plasta ya kidonda
ukutani mwa chumba chetu cha Tudor,
juu ya jiko la Kadzo; ndiyo maana ina doa la mchuzi
penye mwaka wa pili, muhula wa kwanza,
na famakolojia yetu inanuka bizari.

Miaka minne, mihula minane.
Kila somo lina namba, kama nyumba za serikali,
na ufunguo wa kila mlango
umeachwa ndani ya nyumba iliyotangulia.
Huingii ukunga hujatoka kwenye uzazi wa vitabuni.
Hushiki sindano hujajua chumvi
inavyofuatana na maji mwilini.
Aliyepanga alipanga kama mwashi:
kwanza mifupa.

Basi mwaka wa kwanza tulihesabu mifupa,
Kadzo akifua, mimi nikimjibu toka bafuni.
Tulimwosha mtu wa plastiki,
tukamfunika, tukamwambia samahani,
kwa kuwa Mwalimu Mwakio alitoa alama mbili kwa samahani.
Saa za darasani ziko safu ya kushoto,
saa za wodini safu ya kulia,
na mwaka ule safu ya kulia ilikuwa nyembamba kama uzi:
wiki nne, Makadara, wodi ya wanawake.
Pima joto. Pima mpigo. Andika.

Kifo na Kufiwa ni somo la mwaka wa tatu.
Liko pale, muhula wa pili, saa thalathini,
baada ya saikolojia, baada ya saratani,
baada ya kila kilichostahili kutangulia.

Bi Mize wa Kibokoni, kitanda cha sita,
hakuwa ameuona mtaala.
Saa moja kasorobo asubuhi, zamu zikipokezana,
masista wote wakiwa upande wa pili na mafaili,
aliniita mimi, mwenye kipimajoto.
"Ndoo, mwanangu. Nshika mkono."
Nikasema nimwite sista.
"Sista ana kalamu. Wewe una mkono."

Nikashika. Nikahesabu mpigo,
kwa kuwa kuhesabu ndiko nilikokujua.
Hamsini na nne. Arubaini na moja.
Kisha nikahesabu muda mrefu sana
kabla ya kugundua kuwa ninahesabu wangu.

Sista Mghoi alifungua daftari langu la wodi
akatafuta pa kutia sahihi.
Hapakuwa na mstari.
Akashuka na kidole hadi namba tisa,
"Kumstarehesha mgonjwa",
akaandika tarehe, akaandika: mara moja.
Zinatakiwa mara tatu.

Yaliyofuata yalifuata utaratibu.
Mwaka wa pili, upasuaji, na lile doa.
Mwaka wa tatu tulivuka Likoni na makopo ya chanjo,
mlango kwa mlango hadi Mtongwe,
tukapokea watoto ishirini kila mmoja
(wa kwanza wangu alinikojolea kabla ya kulia),
tukakaa Port Reitz tukijifunza kunyamaza
na mtu anayezungumza na dirisha.
Na somo lile likafika, siku yake, saa yake.
Nililijibu kwa mwandiko mzuri.
Nilipata hamsini na nane.

Sasa ni mwaka wa nne: takwimu, utafiti,
kisha mtihani wa baraza.
Safu ya kulia imenenepa, imeila ya kushoto.
Katika Uongozi wa Wodi tumefundishwa
kwamba makabidhiano ya zamu hayakatizwi.

Leo asubuhi nilikuwa ninasoma ripoti mimi,
mafaili mkononi, nimefika kitanda cha nne,
nilipomwona Tsuma wa mwaka wa kwanza
amesimama kule mwisho na kipimajoto chake,
ameinamishiwa sikio na mzee asiye na sauti,
hajui mkono wake auweke wapi.

Nikaacha sentensi katikati.
Sista Mghoi akanitazama,
akaitazama saa,
akaipokea kalamu.