Kijicho

Karatasi ilikuja na Thuweba, imekunjwa ndani ya daftari la hisabati:
kila mtoto mwenye tarakilishi yake nyumbani
aitie programu ya shule, kwa usalama wake.
Chini, mahali pa sahihi ya mzazi.
Nikatia sahihi huku nakaanga bajia,
kidole cha mafuta kikaacha duara kando ya jina langu.

Tarakilishi ni yetu. Zamu mbili za chama cha akina mama wa Guraya
na bangili moja niliyoiuza, bei sitaji.

Kwetu hapa hata muuza maji hubisha hodi tatu,
kisha akageuka, akautazama ukuta
hadi waliomo ndani wajifunike.
Hata paka wa Bi Mwanakombo husita kizingitini.

Hiki kijicho cha kijani hakikubisha.
Kilikaa mezani baina ya chupa ya chai na dawa ya mbu,
kikamwona mamangu kichwa wazi, anasukwa,
kikamsikia mume wangu akiomba muda kwa mdai wake
kwa sauti anayonificha hata mimi.

Nikakibandika plasta.
Lakini plasta haizibi maandishi.

Usiku wa saa sita, wote wamelala,
niliandika kwa vidole viwili:
uvimbe wa titi usiouma ni nini
Nikasoma. Nikafuta.
Nikaifunga polepole, isilie.

Alhamisi Mwalimu Mghanga akamwita ofisini.
Mtu mpole, wallahi, simlaumu.
Akamgeuzia kioo: Thuweba, maneno haya
yametoka kwenu. Uko salama? Nani mgonjwa?

Mwanangu ana miaka kumi na mitatu.
Akajibu, Ni kazi ya sayansi, mwalimu.
(Haya nimeyajua baadaye sana.)

Jioni ile hakuniuliza kitu.
Aliosha masufuria bila kutumwa,
hata lile la bajia lililogandia.
Kisha akaja chumbani kwangu,
mlango usio na ubao, pazia tu,
pazia alilolipita bila ruhusa tangu alipoanza kutambaa.
Nikaiona miguu yake chini ya upindo, imesimama.

Hodi, mama.

Nikaivuta leso kifuani.
Nilikuwa na neno moja tu la kumjibu,
na likakawia.