Kupakua na Kupakia

Kijana wa faiba alikuja Jumatatu, viatu vinang'aa,
akatandaza karatasi zake juu ya mashine ya fotokopi
kama anayeuza vitenge.
"Mama Ndeshi, hii inapakua sinema nzima kwa dakika mbili."
Nikamwuliza: sinema ya nani?

Mimi nipo mtaa wa nyuma ya stendi, Moshi,
chumba kimoja, viti vitatu, printa inayokohoa.
Wateja wangu hawapakui. Wanapakia.
Mwanafunzi na vyeti vya mkopo, saa tano usiku, siku ya mwisho.
Aikaruwa na picha za magunia ya kahawa
kwa mnunuzi asiyemjua.
Mwenye duka la mbao na ritani zake, huku anasonya.
Kupakua ni kazi ya aliyeketi mezani.
Sisi tumesimama na mizigo
kama wale wa ndizi pale Mbuyuni,
roho juu, lori limeshawasha injini.
"Na kupakia je?"
Akageuza karatasi. Nyuma palikuwa peupe.

Wa pili alileta ungo mdogo wa kufunga juu ya paa,
utazamane na mnara kule Soweto.
Ukatazamana. Kasi ikapanda, tukacheka wote wawili.
Kisha nikauona mgrevilea wa jirani:
mwaka jana haujafika ukutani,
mwaka huu umepita bati.
"Na masika, majani yakinenepa?"
Akajikuna shingo.

Bando nalijua. Miaka minne limenilisha na kuninyima.
Linaisha katikati ya jina la mtu: Eliap—
na mteja ananitazama
kana kwamba mimi ndiye niliyemeza herufi.

Jumamosi, saa sita usiku, nikajilaza chali
na namba zao zote za huduma kwa wateja.
Nikazipiga moja moja, nikidanganya: imekatika.
Ya kwanza ikanipigia muziki hadi salio likakata roho.
Ya pili ikasema bonyeza tatu. Nikabonyeza.
Ikasema bonyeza tatu.
Ya mwisho, waya wa buluu,
ofisi yao juu ya duka la dawa za mifugo,
sikuitegemea. Ikaita. Kikohozi, kitanda kikalia:
"Subiri dada, niwashe taa nione uko wapi."

Kasi yao ni ya wastani. Bei, mh.
Jumatatu nikapanda zile ngazi kulipia,
aibu kidogo usoni,
mkononi kichane cha ndizi
cha yule niliyemwamsha bure.