Sinia

Sinia la shaba lililobeba pilau ya harusi yetu
usiku huu ni mji.
Nimelichora barabara kwa chaki ya cherehani:
kikombe cha kahawa, kifudifudi, ndio mzunguko wa Makupa,
kijiti cha meno ndio reli,
punje za choroko, watu wavukao bila kuangalia,
na kiberiti hiki, njiti saba ndani,
ndio gari.

Mwidani amekaa ng'ambo ya mkeka.
Sinia halioni, mimi hanioni.
Sukari ilimwanza vidoleni mwa miguu,
ikapanda kimya kimya kama mpangaji asiyelipa,
ikazima jicho la kushoto, kisha mwenzake.
Lakini miaka ishirini na minane ya lori,
Kilindini hadi Malaba, Malaba hadi Kilindini,
hiyo haikuzimika.

"Toka kituo cha mafuta, wende hospitali.
Usinambie umefika. Nambia umepita ndia gani."

Nasukuma.
"Naangalia kioo. Naonyesha ishara. Nageuka begani."
"Bega lipi?"
"La kulia."
"Haya."

Mzungukoni nasimama, nampisha atokaye kulia,
nazunguka inavyozunguka saa.
"Umegonga," asema.
"Nimegonga nini?"
"Kikombe. Nimesikia. Na mtahini ana masikio."
Naapa sijagusa kitu.
Kisha nashusha macho: kikombe kimesogea,
upana wa ukucha,
na chini yake mwezi mwembamba wa shaba
usio na chaki.

Ghorofani Buxton, mwalimu Ngumbao ana ubao wa kweli,
wenye vigari vya plastiki, kimoja hakina gurudumu.
Wenzangu wana miaka kumi na tisa. Waniita mama,
hujibu swali halijatua.
"Pembetatu iliyopinduliwa?"
"Toa njia!" kwa pamoja, kama wenye haraka ya kuitoa.
Mimi nilichelewa. Si kwa kutojua.
Nilikuwa nahesabu.

Duara jekundu hukataza, la buluu huamuru.
Hayo mawili yalinichanganya wiki nzima,
kwa kuwa nyumbani kwa baba
yalitoka kinywa kimoja, kwa sauti moja.

Kila Jumanne tuktuk hutubeba kliniki,
na kila Jumanne naipita Probox yetu uani,
turubai juu, kuku katamia kiti cha nyuma.
Sikusema neno mwaka mzima.
Siku moja niliinua turubai, nikamtoa kuku,
nikakaa mahali pa dereva, mlango wazi,
miguu haifiki.
Ndivyo ilivyoanza. Hakuna kisa kikubwa zaidi ya hicho.

"Mvua inanyesha. Uliye nyuma yake ni lori. Umbali gani?"
"Mara mbili ya siku kavu."
"Kitabu chasema hivyo. Na mimi je?"
"Wewe wasema mara tatu, maana lori halijui kama lina breki
hadi liiombe."
Acheka. Meno yake bado mazuri.

Saa tano. Chaki imeingia kwenye kucha.
Kesho saa mbili asubuhi: kitambulisho, kalamu mbili,
viatu visivyopwaya.
Nakusanya watu wangu wa choroko, nawarudisha mkebeni.
Yeye apapasa sinia, akipata kiberiti,
akishika kwa vidole viwili, hakisukumi.

"Ukipita," asema, "mimi nitakaa kushoto."
"Utakaa."
"Pako pale. Miaka yote ile ulikuwa wakanyaga sakafu,
kila kona, wadhani sikuoni?"
"Nilikuwa nafunga breki."
"Najua. Nifundishe.
Iko wapi hasa, hiyo breki isiyokuwapo?"

Nikauchukua mguu wake, ule wenye vidole vitatu,
nikauweka juu ya mkeka.
"Hapa," nikamwambia. "Lakini taratibu.
Usinishtue."