Tasa: 73,939,133

Niliiandika ubaoni Jumatatu, kipindi cha pili,
chaki imebaki kipande cha ukucha.
Isomeni, nikasema. Kidato cha Pili kizima cha Mtambwe kikasoma:
milioni sabini na tatu,
laki tisa na elfu thelathini na tisa,
mia moja thelathini na tatu.
Mikono yao ilinuka karafuu. Jana usiku walichambua makonyo.

Hii ni namba tasa.
Haigawiki ila kwa moja na kwa nafsi yake.

Nyuma, penye dirisha lisilo kioo,
Mbwana Faki akamnong'oneza mwenzake, wakacheka chini chini.
Nalijua neno lenyewe.
Hulisikia shughulini, nikipewa mtoto wa mtu nimpakate
kisha mkono ukaja upesi kumchukua.
Ndoa miaka kumi na tisa. Talaka moja.

Sikugeuka. Nikafuta tatu ya mwisho kwa kiganja.
7,393,913. Tasa.
739,391. Tasa.
73,939.
7,393. Mnaona? Mnalikata konyo, karafuu ni ile ile.
739.
73.
Ikabaki saba peke yake kushoto mwa ubao,
imesimama kwa mguu mmoja,
nayo tasa.

Nimeihakiki kwa mkono, sikuazima mashine.
Kila tasa iliyo chini ya elfu nane na mia sita,
elfu moja na ushei,
nimeigawa nayo, daftari mbili zikaisha,
zile siku umeme ulipokatika Wete nzima
na nta ikidondokea hesabu.
Kila mara pakawa na baki.
Igawe utakavyo,
kuna kitu hubaki.

Riziki Kombo, anayekaa mbele kwa sababu ya macho yake, akauliza:
Na tukiiongeza tarakimu mwishoni, mwalimu?

Swali hilo sikulitaka siku ile.
Nikamjibu. Weka shufwa, mbili itaigawa.
Weka tano, tano itaigawa.
Weka moja, jumlisha tarakimu zake: thelathini na tisa, mali ya tatu.
Weka saba, arubaini na tano, tatu tena.
Weka tatu, weka tisa: kigawo kiko mbali, lakini kipo.
Hakuna inayoifuata ikabaki ilivyo.
Ukoo wake ni namba themanini na tatu tu,
na hii ndiyo kubwa yao. Hapo unakatika.

Riziki akaandika. Kisha akasema, kama anayesoma bei dukani:
Basi yeye ndiye mkubwa wao kwa sababu hana anayemfuata.

Rimu ya lori ikagongwa, wakatoka mbio.
Zamu ya kufuta ubao ilikuwa ya Mbwana Faki.
Alifuta tarehe, akafuta mada,
alipofika kwenye saba akasimama na kitambaa mkononi.
Na hii, mwalimu?

Ifute tu, nikamwambia.
Ninayo.